Mtoto wa jicho hutibika: mambo ya kujua kabla ya kumpeleka mzee wako kwenye upasuaji wa bure

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyangwali, Rwamwanja na Kyaka II, na katika vijiji vya wenyeji vinavyoyazunguka, wapo wazee ambao familia zao zimekwisha kukubali kwamba ni vipofu. Wanaongozwa kwa fimbo na mjukuu, wanawekewa sahani mkononi, na wanashinda wamekaa mlangoni kutwa nzima. Sehemu kubwa ya wazee hao wana mtoto wa jicho, ugonjwa unaoondolewa kwa upasuaji wa dakika chache tu, na mara nyingi bila mgonjwa kulipa kitu.

Hata hivyo, siku timu ya macho inapofika, wengi hawaji. Baadhi hawakusikia tangazo. Baadhi walisikia lakini hakukuwa na mtu wa kuwasindikiza. Wengine waliogopa, au walizuiwa na watoto wao wenyewe kwa sababu "mzee ameshakula chumvi nyingi, mwacheni apumzike". Makala hii inaeleza ugonjwa huu ni nini, upasuaji unafanyikaje, kwa nini ni bure, na familia ifanye nini kabla na baada.

Mtoto wa jicho ni nini?

Ukimtazama mtu machoni, utaona duara lenye rangi, na katikati yake tundu jeusi linaloitwa mboni. Nyuma ya mboni kuna lenzi, kitu kidogo kinachong'aa kama maji safi. Kazi yake ni kukusanya mwanga na kuupeleka nyuma ya jicho ili tuone sawasawa.

Kadiri miaka inavyokwenda, lenzi hiyo hupoteza ung'avu wake. Inakuwa kama kioo cha dirisha kilichopata ukungu: mwanga unagonga lakini haupiti vizuri. Huo ukungu ndio mtoto wa jicho. Ukikomaa sana, mboni huonekana nyeupe au ya kijivu badala ya nyeusi.

Sababu kubwa ni umri. Lakini kisukari, jeraha la jicho, kuvuta sigara, na kutumia kwa muda mrefu dawa za jamii ya steroidi bila ushauri wa daktari vinaweza kuuleta mapema. Hata mtoto mchanga anaweza kuzaliwa nao. Ukiona weupe katikati ya jicho la mtoto, mpeleke kituo cha afya mara moja, kwa sababu jicho la mtoto likikaa bila mwanga, ubongo wake hautajifunza kuona, na upasuaji wa kuchelewa hautasaidia sana.

Dalili za mtoto wa jicho kwa mtu mzima ni hizi:

- Kuona ukungu au moshi unaoongezeka polepole, bila maumivu.
- Kusumbuliwa na mwanga wa jua au taa za pikipiki usiku.
- Rangi kuonekana zimefifia.
- Kushindwa kutambua sura ya mtu mpaka azungumze.

Ugonjwa huu hauambukizi. Haupatikani kwa kulala na mgonjwa nyumba moja, kutumia beseni lake au kugusa machozi yake. Pia si adhabu wala kazi ya mchawi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 94 duniani wana uoni hafifu au upofu kwa sababu ya mtoto wa jicho, matajiri na maskini. Tofauti ni kwamba tajiri hufanyiwa upasuaji mapema, na maskini huachwa mpaka giza liingie.

Hakuna dawa ya matone, ya kunywa wala ya mitishamba inayoondoa mtoto wa jicho. Miwani inaweza kusaidia mwanzoni tu. Maji ya majani, maziwa, asali au mkojo vinavyotiwa jichoni haviufikii ugonjwa, kwa sababu lenzi iko ndani. Vinachoweza kufanya ni kuleta vidonda kwenye kioo cha mbele cha jicho, na kovu la kidonda hicho linaweza kumnyima mzee uoni ambao upasuaji ungemrudishia.

Si kila upofu ni mtoto wa jicho

Jambo hili ni muhimu, kwa sababu kila kambi ya macho inapomalizika wapo wanaorudi nyumbani wakiwa na uchungu: "Jirani yangu kafanyiwa, mimi nimekataliwa." Mara nyingi hawakukataliwa kwa upendeleo. Ugonjwa wao ni mwingine.

Presha ya macho, ambayo wataalamu huiita glakoma, huharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Uoni uliopotea kwa njia hiyo haurudi. Dawa au upasuaji hulinda kile kilichobaki, ndiyo maana wenye presha ya macho wanapaswa kutumia dawa kila siku hata kama hawaoni nafuu. Vikope, ugonjwa wa trakoma unaofanya kope kugeukia ndani na kukwaruza jicho, huacha kovu. Kisukari huharibu sehemu ya nyuma ya jicho. Na wapo wenye magonjwa mawili kwa pamoja.

Kama mzee wako ameambiwa hafai kufanyiwa upasuaji, usiondoke bila kuuliza maswali mawili: "Ugonjwa wake unaitwaje?" na "Tufanye nini sasa?" Omba jibu liandikwe kwenye daftari lake la matibabu. Kuna wanaoambiwa wasubiri kwa sababu tu sukari au presha ya damu iko juu siku hiyo. Hao wakitumia dawa na hali ikatulia, wanaweza kufanyiwa safari inayofuata.

Kwa nini ni bure?

Watu wengi huogopa kitu cha bure. Wanauliza: nani analipa, na anataka nini kwetu?

Nchini Uganda, ada katika vituo vya afya vya serikali ziliondolewa mwaka 2001, isipokuwa katika sehemu za kulipia za hospitali. Mkimbizi hutibiwa katika vituo vilevile anavyotibiwa mwenyeji. Gharama za upasuaji wa macho, yaani lenzi, dawa, vifaa, usafiri na chakula cha wagonjwa, hulipwa na serikali pamoja na mashirika na hospitali za misheni zinazopata michango kwa kazi hiyo. Mgonjwa hahitajiki kubadili dini, kupigia mtu kura wala kutoa kitu chochote.

Jambo la pili ni kwamba upasuaji huu umekuwa wa bei nafuu kuliko zamani, na historia yake inafaa kujulikana. Zamani madaktari walitoa lenzi iliyoharibika bila kuweka nyingine, na mgonjwa alibaki na miwani minene kama kitako cha chupa. Mwaka 1949 daktari Mwingereza Harold Ridley alipandikiza lenzi ya kwanza ya kutengenezwa ndani ya jicho la mgonjwa, huko London. Alikuwa ameona kwamba marubani wa vita walioingiwa na vipande vya plastiki vya vioo vya ndege hawakupata madhara ya jicho kuvikataa. Lenzi zilizofuata zilikuwa ghali kwa miaka mingi. Kisha mwaka 1992 Hospitali ya Macho ya Aravind, iliyoanzishwa na daktari Govindappa Venkataswamy mjini Madurai nchini India, ikaanzisha kiwanda chake cha lenzi. Nako Nepal, daktari Sanduk Ruit na wenzake wa kituo cha Tilganga, kilichofunguliwa mwaka 1994, wakafanya vivyo hivyo. Lenzi iliyokuwa ikigharimu zaidi ya dola 100 ikashuka mpaka dola chache tu.

Madaktari hao pia walisaidia kueneza upasuaji wa tundu dogo lisilohitaji kushonwa, unaoweza kufanyika vizuri hata katika hospitali isiyo na mashine za gharama kubwa. Ndiyo maana leo timu moja inaweza kuwahudumia wagonjwa wengi kwa siku moja. Kwa hiyo neno "bure" halina maana ya "hafifu". Lenzi za aina hiyo hutumika katika hospitali nyingi duniani.

Kinachopungua ni wataalamu. Madaktari bingwa wa macho ni wachache na wengi wako mijini. Kwa watu wa Nakivale, kwa mfano, huduma kubwa ya macho iliyo karibu iko Mbarara, katika hospitali ya rufaa ya serikali na katika kituo cha macho cha Ruharo. Nauli ya kwenda na kurudi kwa watu wawili, mgonjwa na msindikizaji, inaweza kumaliza pesa ya familia ya siku nyingi. Kambi za macho hupangwa ili kuondoa kizuizi hicho: timu inakuja kuwapima watu karibu na nyumbani, halafu wanaohitaji upasuaji wanasafirishwa kwa pamoja.

Hatua kwa hatua: nini hufanyika

*Siku ya kupimwa.* Tangazo hutolewa na wahudumu wa afya wa kijiji, wale wa VHT, pamoja na viongozi wa vijiji, makanisa, misikiti na redio. Mgonjwa anasimama mbali na ubao wenye alama ya herufi E iliyogeuzwa huku na huku, na kuonyesha kwa mkono imeelekea wapi. Hahitaji kujua kusoma. Kisha afisa wa macho anamulika jicho kwa taa na kuangalia kama tatizo ni mtoto wa jicho au jambo lingine. Presha ya damu na sukari hupimwa pia.

*Kwenda hospitali.* Waliochaguliwa hupewa tarehe na mahali pa kupanda gari. Hapo hospitalini jicho hupimwa kwa kifaa maalum ili kuchagua lenzi yenye nguvu inayolifaa jicho hilo. Dawa ya kupanua mboni hutiwa.

*Chumba cha upasuaji.* Mgonjwa halali usingizi wa dawa. Anapigwa sindano ya ganzi karibu na jicho, na baada ya dakika chache hahisi maumivu, ingawa anaweza kuhisi kuguswa. Uso hufunikwa kwa kitambaa safi chenye nafasi ya jicho moja. Daktari hufungua tundu dogo pembeni, hutoa lenzi yenye ukungu, na kuweka mpya mahali pake. Jicho lenyewe halitolewi nje hata kidogo. Kwa kawaida kazi yote huchukua kati ya dakika 10 na 20. Mgonjwa anatakiwa kulala kimya bila kutikisa kichwa. Kama ana kikohozi, au anahitaji kwenda haja ndogo, aseme kabla ya kuingia.

*Asubuhi inayofuata.* Bandeji hufunguliwa na jicho hukaguliwa. Wengi huona vizuri zaidi papo hapo, lakini wengine huona ukungu kwa siku kadhaa kwa sababu jicho limevimba. Hilo lisiwatie hofu.

Kwa kawaida hufanyiwa jicho moja kwanza. La pili husubiri mpaka la kwanza lipone. Mwenye upofu wa macho yote mawili hupewa nafasi ya mbele, kwa sababu jicho moja tu likipona, maisha yake yanabadilika.

Hofu tunazozisikia, na majibu yake

*"Wanatoa macho na kuyauza."* Hakuna jicho linalotolewa. Kinachoondolewa ni lenzi iliyoharibika, ambayo haina kazi kwa mtu mwingine yeyote. Kama unamfahamu mtu wa kijijini kwako aliyefanyiwa, nenda ukamtazame na umwulize.

*"Mtu fulani alifanyiwa akawa kipofu kabisa."* Upasuaji huu ni miongoni mwa upasuaji salama zaidi, lakini hakuna upasuaji usio na hatari. Baadhi ya wagonjwa hupata maambukizi, na baadhi hugunduliwa kuwa na ugonjwa mwingine nyuma ya ule ukungu. Hatari hupungua sana dawa zikitumiwa kama zilivyoandikwa na mgonjwa akirudi mapema anapoona dalili mbaya. Muulize daktari kabla ya kutia sahihi au alama ya kidole. Ni haki yako kueleweshwa kwa lugha unayoijua, na unaweza kuomba mkalimani.

*"Nimezeeka mno."* Hakuna umri unaozuia. Kinachoangaliwa ni kama mgonjwa anaweza kulala chali kwa utulivu na kama sukari na presha ya damu vimetulia.

*"Ngoja mtoto wa jicho akomae kwanza."* Huu ni ushauri wa zamani. Siku hizi upasuaji unaweza kufanyika mara tu ukungu unapomzuia mtu kufanya kazi zake. Kusubiri mpaka jicho liwe jeupe kabisa hufanya upasuaji uwe mgumu zaidi, na mara nyingine lenzi iliyokomaa kupita kiasi huvimba na kuleta presha kali ya jicho, yenye maumivu na upofu usiorudi. Mzee asiyeona pia huanguka, na nyonga ikivunjika uzeeni ni msiba mwingine.

*"Mashine ya usajili haitanitambua tena."* Tangu zoezi la uhakiki la mwaka 2018, wakimbizi nchini Uganda husajiliwa kwa alama za vidole na picha ya macho, na ndiyo maana swali hili huulizwa sana. Mashine husoma lile duara lenye rangi, si lenzi. Ikitokea mashine ikasumbua baada ya upasuaji, alama za vidole zipo. Tunza karatasi ya hospitali na uionyeshe kwa wahudumu wa usajili.

*"Nikiona, nitaondolewa kwenye orodha ya wenye mahitaji maalum."* Hofu hii inaeleweka. Msaada wa chakula umepunguzwa mara kadhaa tangu 2020, na tangu 2023 kaya hugawanywa katika makundi kulingana na hali zao. Kabla ya kuamua, zungumza na wahudumu wa dawati la ulinzi kuhusu kaya yako. Hali ya kaya hupimwa kwa mambo mengi, yakiwemo umri, kuishi peke yako, na kulea wajukuu wasio na wazazi, na uzee hauondolewi na upasuaji wa jicho. Lakini pia pima upande wa pili: uamuzi kuhusu kundi huenda ukabadilika baadaye, wakati jicho lililoachwa likaharibika halitarudi.

Baada ya upasuaji: wiki sita za uangalifu

Upasuaji unachukua dakika, lakini kupona kunachukua wiki nne mpaka sita. Hapa ndipo familia inahitajika zaidi.

- Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumtia mzee dawa ya matone. Vuta kope la chini, dondosha tone moja, na usiguse jicho kwa ncha ya chupa.
- Tia dawa kwa saa zilizoandikwa, mpaka siku ya mwisho iliyosemwa, hata kama anaona vizuri. Chupa moja isitumiwe na watu wawili.
- Afunikwe jicho kwa kinga aliyopewa anapolala, asije akalisugua usingizini.
- Asibebe dumu la maji, asilime, asipasue kuni, na asiiname kwa muda mrefu mpaka aruhusiwe.
- Maji ya kuoga na sabuni yasiingie jichoni kwa wiki za mwanzo. Akae mbali na moshi wa jiko na vumbi.
- Anaweza kusali, kula vyakula vyake vya kawaida, kutembea taratibu na kutazama mbali bila shida.

Mrudishe hospitali au kituo cha afya siku hiyohiyo ukiona lolote kati ya haya: maumivu yanayozidi, jicho kuwa jekundu zaidi, usaha, au uoni unaopungua baada ya kuwa umerudi. Usisubiri tarehe ya kliniki. Maambukizi ya ndani ya jicho hupimwa kwa saa, si kwa siku.

Hata mambo yakienda vizuri, usikose tarehe ya kurudi. Huko ndiko mzee anapopimwa kama anahitaji miwani, hasa ya kusomea au kutazama vitu vya karibu. Lenzi aliyowekewa hudumu maisha yote na haioti ukungu tena. Wakati mwingine, baada ya miezi au miaka, utando mwembamba ulio nyuma yake huwa na ukungu na mtu hudhani ugonjwa umerudi. Hilo hutibiwa kwa mwanga wa leza kwa dakika chache, bila kisu.

Kinachorudi pamoja na macho

Watu wakisikia "kuona tena" hufikiria kuona mawingu na sura za wajukuu. Hayo ni kweli, lakini katika maisha ya makazi yapo mambo mengine ambayo mzee asiyeona huyalipia kila siku.

Fikiria pesa ya msaada inayoingia kwenye simu au kadi. Mzee asiyeona lazima ampe mtu mwingine namba yake ya siri. Hata kama mtu huyo ni mwaminifu, mzee hajui ni kiasi gani kimeingia na kiasi gani kimetolewa. Sokoni hawezi kutofautisha noti ya 1,000 na ya 10,000, na chenji anayorudishiwa anaipokea kwa imani tu. Anayeona huhesabu mwenyewe.

Fikiria choo. Mzee asiyeona husubiri mtu wa kumpeleka, na wapo wanaopunguza kunywa maji kwa makusudi ili wasisumbue. Kwa mama mzee, kuongozwa chooni na mtu asiye wa familia ni aibu na inaweza kuwa hatari. Akiona, anajiendea.

Fikiria pia yule anayeshika ncha nyingine ya fimbo. Mara nyingi ni mtoto wa miaka 8 au 10, na mara nyingi ni msichana. Siku ya mgao anampeleka bibi. Siku ya kliniki anampeleka. Siku ya ibada anampeleka. Masomo yanakatika, na mwishowe shule inaachwa kimyakimya. Upasuaji wa jicho moja la bibi humrudisha mtoto darasani, kwa hiyo unaponya watu wawili.

Na kuna kipande cha shamba. Utafiti uliofanyika Kenya, Bangladesh na Ufilipino na kuchapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watu waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Mwaka mmoja baadaye walikuwa wakitumia muda mwingi zaidi katika kazi za kuzalisha na za nyumbani, walihitaji usaidizi mdogo zaidi, na matumizi ya kaya zao yalikuwa yameongezeka. Bibi anayeweza kuchambua maharage, kupalilia bustani ya mchicha nyuma ya nyumba, kuchunga mbuzi wawili au kumwangalia mtoto mchanga ili mama yake aende kibarua, ameiongezea kaya mkono mmoja wa kazi.

Bado ipo kasoro moja tunayopaswa kuisema wazi. Duniani kote wanawake ndio wengi zaidi kati ya wenye mtoto wa jicho, lakini hawafikiwi na upasuaji kwa kiwango sawa na wanaume. Mara nyingi nauli hutolewa kwanza kwa babu, na bibi huambiwa angoje. Mama mjane hana wa kumsemea. Kama kuna wazee wawili nyumbani, waandikisheni wote wawili siku moja, na asiyeona kabisa atangulie.

Namna ya kujiandikisha

1. Mwone mhudumu wa VHT wa kijiji chako, au nenda kituo cha afya kilicho karibu na uombe jina la mzee liandikwe kwenye orodha ya macho. Usingoje tangazo. Orodha ndiyo inayoonyesha mahali pa kupeleka timu.
2. Mzee asiyeweza kutembea, mwambie mhudumu aje nyumbani. Jirani naye anaweza kutoa taarifa. Wazee wanaoishi peke yao hukosa huduma kwa sababu hakuna aliyetaja jina lao.
3. Siku ya kupimwa, beba cheti cha familia au kitambulisho, daftari la matibabu na dawa zote anazotumia. Mwenyeji aje na kitambulisho chake cha taifa. Huduma hizi ni za wakimbizi na wenyeji.
4. Panga mapema nani atamsindikiza, nani atabaki na watoto, na nani atatia dawa akirudi. Msindikizaji awe mtu mzima, ili mtoto asikose shule.
5. Ambaye hakupata nafasi safari hii aombe barua ya rufaa kutoka kituo cha afya, na ahakikishe jina lake limehamishiwa kwenye orodha inayofuata.

Kumbuka: hakuna anayeruhusiwa kukuomba pesa, kuku, kazi ya shambani wala jambo lolote la mwili ili jina lako liingie kwenye orodha ya huduma ya bure. Ikitokea, toa taarifa kwa namba ya simu ya bure ya malalamiko iliyobandikwa kwenye kituo cha afya, kwa ofisi ya ulinzi, au kwa Ofisi ya Waziri Mkuu ya eneo lako, ile tunayoiita OPM. Kutoa taarifa hakutafuta jina lako kwenye orodha.

Kabla ya jua kuzama leo, fanya jambo moja. Mwombe bibi, babu au koko wa nyumbani afunike jicho moja kwa kiganja na akuambie umeinua vidole vingapi, ukiwa umesimama umbali wa hatua tatu. Kisha jicho la pili. Akishindwa kuhesabu, kesho asubuhi jina lake lifike kwa mhudumu wa afya.